Pointi za hoteli kwenye kadi ya ndugu aliye Marekani: jinsi familia ya Dodoma inavyoweza kulala Dar na Zanzibar

Mwongozo huu ni kwa familia yenye dada, kaka au mjomba anayeishi Marekani, anayetumia kadi ya mkopo ya hoteli, na anayetamani wazazi na wapwa zake walioko Dodoma wapate mapumziko bila kulipia chumba kwa fedha taslimu. Kupanga safari za familia ndiyo kazi yangu hapa mjini. Wengi huja wakiwa tayari na pointi, yaani alama ambazo kadi au uanachama wa hoteli hukupa na unaweza kulipia chumba kwazo, au na wazo la kumwomba ndugu achukue kadi mpya, kisha ndipo wanauliza waende wapi. Mimi huwageuzia mpango: chumba kwanza, pointi baadaye, kadi mwisho. Ukifuata mpangilio huo utajua kama kadi inahitajika kabisa.

Kadi ninazozizungumzia ni zile zinazobeba majina ya makampuni ya hoteli ya Hyatt, Marriott, Hilton na IHG, zinazotolewa na benki za Marekani. Chase hutoa za Hyatt na IHG, American Express hutoa za Hilton, na Marriott ina kadi kutoka kwa zote mbili. Benki hizo hutazama historia ya mikopo ya mwombaji huko huko, kwa hiyo mkazi wa Kisasa au Area C hawezi kuziomba. Ila uanachama wa hoteli ni jambo jingine. Haulipiwi, na yeyote mwenye barua pepe anaweza kujiunga akiwa hapa Dodoma. Jiunge leo, hata kabla hujamaliza kusoma.

Hatua ya 1: Tafuta chumba kinachowatosha

Kwa mtu wa Dodoma, hoteli mbili za Hyatt zinapangika vizuri katika safari moja: Hyatt Regency Dar es Salaam, The Kilimanjaro, iliyoko Kivukoni ikitazama bandari, na Park Hyatt Zanzibar iliyoko Shangani, ndani ya Mji Mkongwe. Unashuka SGR Dar, unalala Kivukoni, asubuhi unapanda boti ya Zanzibar gati ikiwa karibu. Wanaopendelea kaskazini wana Four Points by Sheraton mjini Arusha, ambayo iko chini ya Marriott.

Unapotafuta kwenye programu ya hoteli, jaza idadi halisi ya watu, watoto pamoja na umri wao. Hapa ndipo familia nyingi hukwama. Mtu anatafuta chumba cha watu wawili, anaona pointi zinatosha, anashangilia, halafu wanafika watano mapokezi. Chumba kinachotolewa kwa pointi mara nyingi ni kile cha kawaida, chenye kitanda kimoja kikubwa au viwili vidogo. Familia ya watu watano kwa kawaida ni vyumba viwili, na vyumba viwili ni pointi mara mbili.

Kwa hiyo andikia hoteli barua pepe yenye maswali matatu tu. Mtoto wa umri gani analala bure kwenye chumba cha wazazi? Kitanda cha ziada ni shilingi ngapi kwa usiku? Je, mnavyo vyumba viwili vyenye mlango wa katikati? Hilo la tatu lina uzito kwa mzazi mwenye watoto wadogo, kwa sababu hutaki kumlaza mtoto wa miaka saba ghorofa nyingine. Barua pepe ni bora kuliko simu, maana jibu unaenda nalo mapokezi.

Tarehe nazo ziwe na nafasi ya kusogea. Shule zikifunga Juni na Desemba kila mtu anataka Zanzibar, na vyumba vya pointi huisha kabla ya vile vya fedha. Kama watoto bado hawajaanza shule, au mnaosafiri ni wazazi wastaafu, chagueni siku za katikati ya wiki nje ya miezi hiyo. Usimwahidi mtu tarehe kabla hujaona chumba.

Hatua ya 2: Pima pointi kwa shilingi

Sasa kuna hoteli, usiku na idadi ya pointi. Chukua bei ya chumba hicho hicho kwa fedha, ongeza VAT kama haijajumuishwa, kisha gawanya kwa pointi zinazotakiwa. Tuseme, kwa mfano tu, chumba ni shilingi 450,000 kabla ya VAT. Ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa 531,000. Kama kwa pointi kinatolewa kwa 12,000, kila pointi imekununulia takriban shilingi 44.

Namba hiyo peke yake haisemi kitu mpaka uilinganishe na njia nyingine ya kutumia kadi. Marekani zipo kadi zinazorudisha asilimia 2 ya kila dola unayotumia, na huo ndio mzani wangu. Kadi ya World of Hyatt, ile ya Hyatt inayotolewa na Chase, hutoa pointi 1 kwa dola kwenye matumizi ya kawaida. Dada akitumia dola 12,000 kwa manunuzi ya nyumbani anapata zile pointi 12,000, yaani chumba cha shilingi 531,000. Tukihesabu dola kwa shilingi 2,500, hiyo ni kama dola 212. Kadi ya asilimia 2 ingempa dola 240 taslimu kwa matumizi yale yale, na fedha hiyo angeweza kuituma nyumbani ikalipia chumba na chenji ikabaki. Kwa manunuzi ya kawaida, basi, kadi ya hoteli inampotezea.

Inapolipa ni kwenye matumizi yenye pointi zaidi. Kadi hiyo hutoa pointi 2 kwa dola kwenye migahawa, usafiri wa mjini na tiketi za ndege zinazonunuliwa moja kwa moja kwa shirika. Ndani ya hoteli za Hyatt hutoa pointi 4, juu ya zile 5 za msingi za uanachama. Ndugu anayesafiri kikazi na kurejeshewa gharama na mwajiri ndiye hasa anayefaidi. Mwambie sokoni atoe kadi ya kurudisha fedha, mgahawani atoe ya hoteli.

Hatua ya 3: Kadi mpya, kama kweli inahitajika

Pointi nyingi kwa mkupuo hutokana na bonasi ya mwanachama mpya, inayotolewa mtu akifikisha kiasi fulani cha matumizi katika miezi ya mwanzo. Kiasi hicho kiwe kile ambacho angetumia hata bila kadi. Ada ya mwaka ya World of Hyatt ni dola 95, na kila mwaka inaambatana na cheti cha kulala usiku mmoja bure kwenye hoteli za daraja la 1 hadi la 4 katika madaraja ya Hyatt yenyewe, si nyota. Hakikisheni kwanza hoteli mnayoitaka iko katika madaraja hayo. Cheti kisichoingia kwenye hoteli yenu si akiba. Chase pia ina desturi inayojulikana sana: aliyefungua kadi 5 au zaidi ndani ya miezi 24 kwa kawaida hukataliwa.

Na hapa naomba nisikilizwe vizuri. Kama ndugu yako ana deni la kadi analolipa kidogo kidogo kila mwezi, mpango huu usianze. Riba ya kadi za mkopo Marekani mara nyingi huvuka asilimia 20 kwa mwaka, na hakuna usiku wa Shangani unaofidia hilo. Mwulize kwa heshima, tena kwa faragha, si kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Watu walioko ughaibuni huona aibu kusema hawana, wakaishia kubeba mzigo ambao nyumbani hatuuoni.

Hatua ya 4: Ziunganishe, zisife

Hilton Honors, uanachama wa Hilton, huruhusu hadi watu 11 kuweka pointi zao pamoja bila malipo, na Hyatt huruhusu mwanachama kumhamishia mwenzake. Familia yenye ndugu wawili au watatu nje inaweza kufikisha usiku ambao mmoja peke yake asingeufikia. Pointi za Hyatt, Marriott na Hilton hufutika akaunti ikikaa miezi 24 bila shughuli yoyote, na za IHG miezi 12 kwa wanachama wa kawaida. Kuingiza au kutumia pointi kidogo huifanya akaunti iendelee kuwa hai.

Pointi za kununua kwa mtu mitandaoni, kataa. Kanuni za hoteli zinakataza biashara hiyo, na akaunti inaweza kufungwa mkiwa mmeshafika.

Kwa wanaokaa muda mrefu mahali pamoja, Marriott hutoa usiku wa tano bila pointi ukibuki usiku tano mfululizo kwa pointi.

Hatua ya 5: Kubuki kwa jina la atakayelala

Mwenye akaunti ndiye anayebuki, lakini jina la mgeni liwe la atakayefika mapokezi. Kama programu haikubali, apige simu huduma kwa wateja. Tumieni pointi kwa ajili ya wanaosafiri bila yeye. Vyeti vya usiku wa bure vina masharti makali zaidi, kwa hiyo avihifadhi kwa safari atakayokuja mwenyewe. Huu ndio ujumbe ninaowaandalia wateja:

"Dada, shikamoo. Chumba tumekipata Hyatt Regency Dar, kuingia 12 Juni, kutoka 14 Juni, vyumba viwili. Cha kwanza ni cha mama na watoto wawili, miaka 6 na 9. Cha pili ni mimi na shemeji yako. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye NIDA, nimekutumia. Ukibuki, naomba namba ya uthibitisho na tarehe ya mwisho ya kughairi bila kupoteza pointi. Hoteli wameniandikia kuhusu mlango wa katikati, barua yao hii hapa."

Tarehe ya kughairi husomwa kwa saa za hoteli. Kama dada yuko Minnesota, kwa mfano, saa 12 jioni Dar es Salaam ni saa 4 asubuhi kwake mwezi Juni, na saa 3 asubuhi mwezi Desemba.

Hatua ya 6: Gharama ambazo pointi hazigusi

Mkifika, hoteli nyingi huomba dhamana kwa ajili ya vinywaji, chakula na uharibifu, na hupendelea kadi. Uliza mapema kama wanapokea fedha taslimu na ni kiasi gani, mama asije akadhalilika mapokezi mbele ya wajukuu. Uliza pia kama kifungua kinywa kimo. Usiku wa pointi mara nyingi ni chumba peke yake. Zanzibar kuna tozo ya miundombinu kwa kila mgeni kwa kila usiku. Ndugu anayekuja na pasipoti ya Marekani anatakiwa pia kulipia bima ya wageni ya Zanzibar, dola 44, iliyoanza 1 Oktoba 2024. Chakula cha jioni si lazima kiwe cha hotelini: Forodhani iko hatua chache kutoka Shangani, na urojo na mishikaki ya pale itawashibisha watoto kwa fedha kidogo.

Tiketi za treni zinunuliwe baada ya namba ya uthibitisho kupatikana, si kabla. SGR ilipoanza kufika Dodoma Julai 2024, nauli ya kawaida hadi Dar ilitangazwa kuwa shilingi 31,000, na watoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake. Bebeni vitambulisho vya wakubwa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Siku ya kuondoka ombeni bili iliyochapishwa, hata kama inaonyesha sifuri, ipigeni picha na mumtumie dada siku hiyo hiyo. Akaunti ni yake, na kosa lolote litakaloonekana wiki mbili baadaye ni yeye atakayekuwa kwenye simu akilifuatilia.