Kukarabati mfarishi wa viraka vya kanga uliochakaa

Mfarishi, yaani tandiko la viraka lililojazwa pamba, hauchakai wote kwa mara moja. Huanza upande wa kichwani unaovutwa kila usiku, kisha kwenye mikunjo, kisha viraka vya kitambaa chepesi. Kanuni ya kazi hii ni moja: unachoongeza kisizidi nguvu ya kilichopo. Kiraka kigumu hakichaniki, ila hukivuta kitambaa kizee kilicho kando yake mpaka kichanike hicho.

1. Pima nguvu. Shika kiraka kwa vidole, ukiachanisha mikono sentimita 3, uvute taratibu. Nyuzi zikiachana au ukisikia mchaniko mdogo, kiraka hicho kimekwisha. Kitie alama ya uzi mweupe, kalamu itabaki. Vilivyokwisha vikizidi nusu, usikarabati. Fumua vilivyo vizima uvitie kwenye mfarishi mpya.

2. Fua, lakini si kabla ya kuziba. Kila tundu lifunike kwa neti laini na kulipiga bandi (mishono mirefu ya muda), la sivyo pamba itatoka kwenye maji. Jaribu rangi: bana kitambaa cheupe chenye maji juu ya kila rangi kwa dakika moja. Kikipata rangi, usiuloweshe kabisa. Upunge hewa tu. Kisipopata rangi, tumia maji ya vuguvugu na sabuni laini, bila jiki. Maji ya kisima, ambayo kwa wengi hapa Mombasa yana chumvi, yasiwe ya suuza ya mwisho. Usiukamue. Tandika shuka chini yake kwenye beseni kubwa, uunyanyue kwa shuka hilo, kwa sababu pamba ikishiba maji uzito wake hukata mishono. Anika mkekani, kivulini, penye upepo. Kazi hii ni ya msimu wa kaskazi, Januari au Februari. Wakati wa masika pamba ya ndani hubaki mbichi na kuota ukungu.

3. Tafuta kitambaa. Kanga kuukuu ndiyo bora. Ile mpya ya Biashara Street ina wanga na rangi ya ziada. Ifue kwa maji ya moto mara kadhaa mpaka maji yatoke meupe. Kanga moja ni kama sentimita 150 kwa 110, inatosha viraka vingi na utepe wa ukingo.

4. Tia kiraka juu, usikate cha zamani. Kilichochakaa kibaki chini kikishikilia pamba. Kata kadibodi yenye umbo la kiraka kizima, kutoka mshono hadi mshono, kisha kata kitambaa kwa kuongeza milimita 6 kila upande. Kunja milimita hizo juu ya kadibodi, piga pasi, toa kadibodi. Kama pamba imepungua, jaza kidogo. Ukizidisha, utapata kinundu kitakachosuguliwa na kuchakaa kwanza.

Piga bandi, kisha shona kwa sindano fupi namba 9 na uzi wa pamba, si nailoni. Sindano itokee ndani ya mkunjo, inyanyue nyuzi mbili tatu za kitambaa cha chini, irudi mkunjoni. Kila mshono milimita 3. Usiifikie bitana, kitambaa cha mgongoni mwa mfarishi. Ukiona kiraka kinajikunja pembeni, uzi umeuvuta mno.

Kiraka chenye jina la kanga usikifunike hata kidogo. Weka juu yake neti laini yenye rangi kama ya kiraka, ishone kuzunguka ukingo wa kiraka, na maandishi yatasomeka.

Pini usiziache usiku kucha: hewa ya bahari huzitia kutu, na doa lake halitoki kwa sabuni. Ndimu hulitoa, lakini asidi yake hula pamba iliyozeeka.

5. Rudisha mishono ya kushikanisha. Fuata mistari ya zamani, ukipenya uso, pamba na bitana. Fundo livute kidogo lizame ndani ya pamba.

6. Ukingo. Usiufumue wa zamani, ufunike. Mfarishi wa sentimita 150 kwa 200 una mzunguko wa mita 7, basi kata mita 7.5 za utepe wenye upana wa sentimita 6. Ukate mshazari. Utepe uliofuata uzi wa kitambaa una uzi mmoja unaolala kwenye mkunjo wote, ukikatika huo ukingo mzima hufunguka. Kunja utepe katikati kwa urefu, ushone usoni, ugeuze nyuma, umalizie kwa mkono.

Uhifadhi ukiwa umezungushiwa bafta (kitambaa cheupe cha pamba) iliyofuliwa. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu ndani. Kila miezi michache ukunjue na uukunje mahali pengine.