Kufufua sakafu ya marumaru iliyofubaa: vumbi jekundu, polishi kuukuu na madoa ya mawese

Kabla ya kununua chochote, hakikisha ulicho nacho ni marumaru kweli. Kigoma, kama kwingine nchini, neno hilo hubeba kila kitu: vigae vya kiwandani, terazo na jiwe lenyewe. Kigae kina ngozi nyembamba inayong'aa juu, ukikisaga umekimaliza. Jiwe lina mishipa inayopenya hadi ndani. Terazo ni vipande vya mawe, mara nyingi marumaru, vilivyoshikwa kwa saruji, na karibu yote yaliyo hapa chini yanaihusu pia.

Ukiwa bado na shaka, nenda kona ya nyuma ya mlango, dondosha tone moja la limau, subiri dakika mbili, futa, suuza. Likitoa vipovu au kuacha alama iliyopoteza mng'ao, hilo ni jiwe la jamii ya chokaa.

Alama hiyo pia inakuonyesha kwa nini sakafu nyingi zimefubaa. Marumaru huliwa na asidi: limau, siki, soda iliyomwagika, na dawa nyingi za kusafishia choo. Anayepiga deki kwa siki ili "kuondoa ukungu" anaondoa jiwe. Adui wa pili ni mchanga. Ugumu wa marumaru katika kipimo cha Mohs ni 3, punje ya mchanga ni 7. Kila kandambili inayoingia na vumbi la barabarani ni msasa.

Hatua ya 1: Fagia kavu, mara mbili. Tumia ufagio wa nyuzi laini. Wa chelewa hukokota punje na kuchora mistari. Usiharakishe maji. Vumbi jekundu likilowa linakuwa tope, na tope huzama kwenye viungio na kubaki humo.

Hatua ya 2: Osha. Lita 10 za maji ya uvuguvugu, kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji ya vyombo isiyo na limau. Ukizidisha sabuni, utando unabaki. Gawa chumba katika vipande vya mita 2 kwa 2, lowesha kimoja, acha dakika 5 hadi 10 bila kukauka, sugua kwa brashi ya nailoni, vuta maji machafu, kisha suuza kwa ndoo ya pili yenye maji safi. Maji ya kusuuzia yakigeuka rangi ya chai, badilisha.

Sabuni ya mawese ni nzuri kwa nguo, si kwa kazi hii. Maji ya Ziwa Tanganyika yana magnesiamu nyingi, nayo ikikutana na sabuni ya mafuta hutengeneza utando wa kijivu unaonata. Mwenye nyumba huona sakafu imefifia, huongeza sabuni, utando unanenepa. Ukiweza kukinga maji ya mvua, yatunze kwa kusuuzia. Stilwaya usiiguse: nyuzi zake hukatika, hubaki kwenye vinyweleo vya jiwe, huota kutu.

Hatua ya 3: Toa polishi ya zamani. Kwangua mahali padogo kwa kikwangulio cha plastiki. Kikitoka kitu kama nta ya mshumaa, cha njano au chekundu, hiyo ni polishi ya miaka, mara nyingi ileile inayopakwa sakafu za saruji nyekundu. Lowesha tambara jeupe kwa tapentaini ya kuchanganyia rangi, funika mita moja ya mraba, subiri dakika 3 hadi 5, kwangua, futa kwa tambara jipya. Rudia mpaka tambara litoke jeupe, kisha osha tena kama hatua ya 2. Fungua madirisha yote, na jiko la mkaa litoke nje kabisa, si kusogezwa ukumbini. Mafuta ya taa nayo yanayeyusha nta, lakini yanaacha mafuta yake ndani ya jiwe.

Sasa acha sakafu ikauke usiku kucha, uitazame asubuhi. Nyingi zinatosha kuishia hapa, ukiondoa madoa. Fundi anayeingia na mashine siku ya kwanza anauza kazi ambayo pengine haikuhitajika.

Hatua ya 4: Madoa ya mawese. Haya yana mambo mawili ndani yake: mafuta, na rangi ya machungwa ambayo ni karotini. Kusugua hakusaidii kwa sababu doa liko ndani. Linavutwa kwa bandiko.

Changanya kaolini nyeupe (unga laini wa udongo mweupe) na tapentaini mpaka iwe nzito kama siagi. Paka unene wa sentimita 1, uvuke ukingo wa doa kwa sentimita 3. Funika kwa nailoni, bana kingo kwa selotepu, acha saa 24. Kisha ondoa nailoni na uache bandiko likauke kabisa hadi lipasuke. Wengi hukosea hapa: wanalikwangua likiwa bichi, wakati mafuta hupanda kwenye unga pale unapokauka. Usitumie udongo wa kawaida badala ya kaolini. Chuma kilichomo kinaweza kuacha doa jingine.

Baada ya mara mbili au tatu mafuta huisha, na ikibaki rangi, osha pale mahali, acha pakauke siku mbili, halafu weka bandiko jipya la kaolini na peroksaidi ya saluni ya nguvu ya 40, yaani asilimia 12. Vaa glavu. Peroksaidi na tapentaini visikutane kamwe, wala kwenye ndoo moja. Jaribu kwanza pembeni kama marumaru yako ni nyeusi au kijani, maana inaweza kufifisha.

Hatua ya 5: Kusaga, kama kuna mikwaruzo au alama za asidi. Ziba nyufa kwanza kwa gundi ya mawe ya poliesta, gramu 2 hadi 3 za kigumishi kwa gramu 100. Joto la mchana huifanya igande upesi, kwa hiyo changanya kidogo kidogo.

Unahitaji mashine ya maji yenye kurekebisha mwendo na padi za almasi za inchi 4, za namba tofauti: namba ndogo ina punje kubwa, namba kubwa ina punje ndogo. Grenda ya kukatia vyuma haifai: inazunguka kasi mno, inaunguza padi, na haikutengenezwa kukutana na maji. Agiza padi zote pamoja kabla ya kuanza. Kukosa namba moja katikati ni kusimamisha kazi kusubiri mzigo kutoka Dar es Salaam.

Alama za limau pekee: anza na namba 400. Mikwaruzo inayokwamisha ukucha: anza na 100 au 200, upitie kila namba hadi 400. Kisha 800, 1500, 3000. Kila namba, chora mistari ya penseli sakafuni na usage mpaka ifutike, mara ya pili ukienda kwa upande unaokatiza ule wa kwanza. Kabla ya kubadilisha padi, suuza hadi maji yasiwe meupe. Punje moja ya 100 iliyobaki itachora mstari utakaouona ukifika 1500. Na ukiruka namba, mng'ao utakuja juu ya mikwaruzo, utaonekana jioni jua likiingia mlangoni. Uji mweupe unaotoka usiumwage kwenye bomba la maji machafu. Unatuama na kuziba.

Hatua ya 6: Kung'arisha. Poda ya kung'arishia marumaru, kijiko kimoja kikubwa kwa takribani nusu mita ya mraba, maji kidogo, padi nyeupe, mwendo wa polepole. Poda ikianza kuwa nzito na kukamata padi, ongeza maji kidogo, maliza, suuza sana. Usiiache ikauke.

Hatua ya 7: Sila, yaani dawa ya kupaka inayochelewesha madoa kuzama kwenye jiwe. Sakafu ikauke siku 2 hadi 3, madirisha ya upande wa barabara yakiwa yamefungwa. Ukiona unga mweupe wa chumvi unarudi kila ukifuta, unyevu unapanda kutoka chini. Usipake sila, itafungia chumvi ndani na jiwe litaanza kubambuka. Kama hakuna, paka ya kupenya ndani, si ya kuacha ngozi juu, na ufute yote iliyobaki kabla haijakauka, kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Siku ya pili weka tone la maji. Likikaa dakika 10 bila jiwe kuwa jeusi chini yake, imeshika. Likizama, paka mkono wa pili. Sila inachelewesha mawese kuzama. Haizuii alama za limau.