Marumaru zinalia debe: namna ya kumalizana na fundi wako

Mwenyekiti wetu wa mtaa akinipigia jioni, najua hajaniitia kahawa. Kuna sakafu ya mtu imeharibika, mwenye nyumba na fundi wameshatoleana maneno, na mimi natakiwa niende na nyundo yangu ya mpira nikaseme kosa liko wapi. Nami ni fundi marumaru hapa hapa Tanga, kwa hiyo simpendelei yeyote. Haya ndiyo ninayowaelekeza.

Hatua ya 1: Gonga kabla hujapiga simu

Chukua sarafu au mpini wa bisibisi, gonga marumaru moja moja, katikati na pembe zote nne. Iliyoshika hutoa sauti nzito, fupi. Isiyoshika hulia debe. Kila inayolia itie alama ya chaki, kisha simama mlangoni utazame alama zimekaaje.

Zikilia pembeni na katikati kimya, fundi aliweka matonge ya udongo wa mchanga na simenti badala ya kuutandaza. Hilo ni lake, hana pa kukimbilia. Zikiwa zimenyanyuka mbili mbili katikati ya chumba kama paa la kibanda, zilibanwa mno, hazikuachiwa nafasi ya kutanuka kwa joto. Hapo uliza: vile vimsalaba vya plastiki vya milimita 2 au 3, vya kuacha nafasi kati ya marumaru, alivisahau fundi, au wewe ndiye uliyesema “sitaki mistari mistari”? Wengi husema, wakasahau. Na ufa ukipita moja kwa moja kwenye marumaru nne tano mfululizo, mara nyingi jamvi, yaani zege la chini, ndilo lililopasuka. Kosa la fundi ni kufunika tu, kama aliliona na akanyamaza.

Moja au mbili zinazolia chini ya kabati, ziache. Usiamshe ugomvi kwa hizo.

Unga mweupe kwenye viungio ni habari nyingine, na pwani yetu tunaujua sana. Kuna nyumba moja Sahare, bi mkubwa alikuwa amemzuilia fundi hela yake ya mwisho kwa sababu ya unga huo. Nilikwangua kidogo kwa ukucha, nikatia ulimini. Chumvi tupu.

“Mama, mchanga huu aliuleta nani?”

“Mwanangu.”

“Aliutoa wapi?”

Bi mkubwa hakujibu. Akageuza uso upande wa bahari.

Lakini fundi naye hakuponea hapo. Mchanga wa pwani ukiushika tu unaujua, una vipande vya makombe ndani. Alipaswa kuukataa siku ile ile ulipomwagwa uani.

Hatua ya 2: Pima

Laza rula ya mita 2 sakafuni. Uwazi chini yake ukizidi milimita 3, sakafu ina mawimbi. Bafuni mwaga ndoo ya maji: yakituama mbali na tundu, mteremko haupo. Mimi huweka sentimita 1 kwa kila mita.

Hatua ya 3: Hifadhi ushahidi, usibomoe

Piga picha huku futi ya kupimia ikionekana. Weka risiti za dukani, na meseji za malipo usizifute. Weka pia ubavu wa boksi wenye namba ya rangi, maana marumaru za jina lile lile zikitoka kiwandani siku nyingine huweza kupishana rangi, na kiraka kitaonekana toka barazani. Ukibomoa kabla fundi hajaona, umemfichia kosa lake mwenyewe.

Hatua ya 4: Muite, mkubaliane kwa karatasi

Sema, “Fundi, njoo tuitazame kazi pamoja.” Ukianza na “wewe tapeli”, simu yake haitapatikana tena. Tembeeni kwenye alama za chaki mkihesabu. Tuseme zimefika 11 za 60 kwa 60. Boksi moja huwa na 4, yaani mita za mraba 1.44, kwa hiyo ni maboksi 3. Kung’oa huzivunja, usitegemee kuzirudisha. Andikeni chumba gani, marumaru ngapi, nani ananunua nini, kazi iishe lini, na hela iliyobaki itatoka lini. Zuia kiasi kinachotosha marekebisho tu. Kumnyima mtu ujira wote kwa marumaru 11 ni dhuluma, na kesho mwenyekiti atakuuliza wewe.

Hatua ya 5: Akigoma

Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa akawasuluhishe, na ombeni fundi wa tatu aje kugonga. Usikimbilie polisi: kazi mbovu ni madai, si jinai. Suluhu ikishindikana, ipo Mahakama ya Mwanzo, na huko kesi huendeshwa kwa Kiswahili. Usiogope kwamba hamkuandikiana mwanzoni. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua hata makubaliano ya mdomo, ila itabidi uyathibitishe, na hapo ndipo zile meseji zinapofaa.

Yule bi mkubwa wa Sahare hakufika huko. Waliandikiana mistari minne nyuma ya kalenda: mwana analeta mchanga wa mto na simenti, fundi anarudia sebule kwa nusu ya ujira, hela ya mwisho inatoka siku ya kujaza viungio. Mimi na mwenyekiti tukatia sahihi. Kijana akaenda kutafuta gari la mchanga.