Namna ya kuchunguza mkoloni alivyotawala kijijini kwenu

Ukitaka kuelewa wageni wachache waliwezaje kutawala watu ambao hata mila zao hawakuzijua, usianze na Gavana. Anza na yule aliyefika mlangoni kudai kodi. Nafundisha historia Morogoro, na wanafunzi wangu nawatuma kwa wazee na swali hili: alikuwa nani, na nani alimweka?

Kwa enzi ya Mjerumani utatajiwa akida, ofisa wa serikali aliyesimamia vijiji kadhaa, na chini yake jumbe, mkuu wa kijiji. Kodi ya nyumba ilianza 1898. Akida mara nyingi alitoka pwani, anajua kusoma na kuandika, lakini hana ukoo wala kaburi la babu pale alipopelekwa. Muulize mzee kama akida aliamrisha watu kulima pamba. Vita vya Maji Maji vilipowaka 1905, maakida walikuwa miongoni mwa walioshambuliwa kwanza.

Mwingereza alibadilisha njia. Gavana Donald Cameron alifika 1925, na sheria ya 1926 ikawapa watawala wa jadi baraza, hazina na mshahara. Uchagani walikuwepo Mangi, Usukumani Watemi. Lakini Uluguru je? Huku ardhi ilikuwa ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Hapakuwa na mtawala mmoja wa milima yote. Kingalu wa Kinole aliheshimiwa kwa mvua. Serikali ikamfanya sultani, ikamtaka asimamie kodi na amri za kilimo. Hapa kaa sana, maana ndipo utawala wenyewe ulipo. Mwaka 1955 watu walikataa kuchimba matuta ya ngazi, hasira ikawageukia pia wakubwa wa kienyeji, na polisi wakaua mtu kwa risasi.

Kwa hiyo usimuulize mzee kama chifu alikuwa mwema. Muulize: tambiko la mvua liliongozwa na nani? Shamba jipya liliombwa kwa nani? Kesi ya ugoni iliishia wapi? Majibu yakikupeleka kwa watu watatu tofauti, fuatilia ni yupi kati yao aliyelipwa mshahara na serikali. Nenda kwa ukoo uliopewa cheo, kisha kwa ukoo ulionyimwa. Na tafadhali wasikilize akina bibi. Uluguru wao ndio wenye nasaba, lakini wavulana wengi huwapita wakimkimbilia babu.

Baada ya hapo, ukipata nauli, nenda Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, uombe vitabu vya wilaya. Ndani utakuta orodha za koo na machifu. Zisome ukikumbuka kwamba DC, yaani mkuu wa wilaya wa Kiingereza, aliyeziandika alikuwa anatafuta mtu wa kumkabidhi madaraka, na aliyemweleza huenda alikitaka cheo hicho.

Uchifu uliondolewa kisheria 1963, lakini matambiko mengi yaliendelea. Uliza sasa anaitwa nani mvua ikikawia. Nasaba utakayoandika, msomee mzee papo hapo, akusahihishe kabla hujaaga.