Kukata mistari yenye koma na nukuu kwa Python bila kuharibu majina ya Kilolo

Wakuu, hii ni ya wale mnaopewa faili la CSV (jedwali la maandishi, safu zake zimetenganishwa kwa koma) na mtu wa chama cha ushirika au dalali wa viazi pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, afu unaambiwa "hebu tutolee jumla kwa kila kijiji", na kitu cha kwanza unachoandika ni split(','). Usiandike. Au andika uone inavyovunjika, ndo tuanzie hapo.

Faili letu ni hili, tuliite viazi.csv, majina ya watu ni ya kutunga ila vijiji na kata ni vya kwetu huku:

```
jina,mahali,maelezo,bei
Mama Neema,Uyole,"Viazi, gunia la lumbesa","85,000"
Baba Sifa,Ng'uruhe,"Anasema ""lumbesa sitaki""","70,000"
Ambokile,Ng'ang'ange,,"65,000"
```

Safu ni nne. Sasa chukua mstari wa Mama Neema uukate kwa split(','), unapata vipande sita:

```
['Mama Neema', 'Uyole', '"Viazi', ' gunia la lumbesa"', '"85', '000"']
```

Hapo angalau ukienda kwenye kipande cha nne kutafuta bei unakutana na gunia la lumbesa, programu inagoma, unajua kuna shida. Mbaya zaidi ni mstari wa Ambokile. Ule maelezo yake ni matupu kwahiyo bei iko palepale inapotakiwa, kipande cha nne, ila kimeandikwa '"65' basi, zile 000 zimeangukia kipande cha tano ambacho hamna anayekiangalia. Ukiondoa nukuu kwa strip('"') ukageuza kuwa namba unapata 65, programu haigombi, ripoti inatoka safi kabisa na gunia zima la viazi limeuzwa shilingi sitini na tano. Hiyo ndo bagi (kosa la programu) ya kuogopa, inayonyamaza.

Tatizo ni kwamba split haina kumbukumbu. Inaona koma inakata, haijui kama hiyo koma iko ndani ya nukuu au nje. Na swali lote la kazi hii ni hilo tu, kila herufi unayoifikia: niko ndani au niko nje?

Sheria zenyewe ziko kwenye waraka unaoitwa RFC 4180 wa Oktoba 2005, na ni chache. Kama kipande kina koma, nukuu au mstari mpya ndani yake, kizungushie nukuu mbili. Kama ndani kuna nukuu, iandike mara mbili mfululizo, ndo maana kwa Baba Sifa unaona ""lumbesa sitaki"". Bas. Ila kumbuka watu walikuwa wanatumia CSV miaka mingi sana kabla ya 2005, na waraka wenyewe haumlazimishi mtu, kwahiyo kila programu ina vituko vyake na utakutana navyo tu.

Kabla ya kwenda kwenye njia ya mkato tuandike wenyewe mara moja, manake ukishaielewa hii hutasumbuka tena na lugha yoyote, iwe Perl, Lua au PHP, lupu ni ileile:

```
def kata(mstari, koma=',', nukuu='"'):
    tokeni = []
    sasa = ''
    ndani = False
    i = 0
    while i < len(mstari):
        h = mstari[i]
        if ndani:
            if h == nukuu:
                if mstari[i+1:i+2] == nukuu:
                    sasa += nukuu
                    i += 1
                else:
                    ndani = False
            else:
                sasa += h
        elif h == nukuu and sasa == '':
            ndani = True
        elif h == koma:
            tokeni.append(sasa)
            sasa = ''
        else:
            sasa += h
        i += 1
    if ndani:
        raise ValueError('nukuu haijafungwa')
    tokeni.append(sasa)
    return tokeni
```

Tuipitie zile sehemu zenye utata tu. Ukiwa ndani ukakutana na nukuu huwezi kujua papo hapo kama ndo inafunga au ni nusu ya nukuu pacha, kwahiyo unachungulia herufi inayofuata. Nimechungulia kwa mstari[i+1:i+2] badala ya mstari[i+1] kwa sababu ukiwa mwisho kabisa wa mstari ile ya kwanza inakupa kitu kitupu tu, ila ya pili inakurushia IndexError.

Ile `sasa == ''` nayo haijakaa pale kwa urembo. Nukuu inafungua kipande ikiwa ni herufi ya kwanza ya kipande tu. Muuza vifaa vya umwagiliaji akiandika Bomba 2",Igawilo akimaanisha inchi mbili, hiyo nukuu iko katikati, iache kama ilivyo. Bila hilo sharti bomba lingemeza koma na Igawilo yote.

Afu mwisho, tokeni.append(sasa) nje ya lupu. Kipande cha mwisho hakina koma nyuma yake, ukisahau hiyo laini kila mstari unapoteza bei. Na kama lupu imeisha bado uko ndani, piga kelele, usikae kimya, ndo kazi ya ule ValueError.

Kuna wanaopenda kumaliza mambo kwa rejeksi (regex, fomula ya kutafuta maandishi) ya mstari mmoja, mfano hii:

```
re.findall(r'"([^"]*)"|([^,]+)', mstari)
```

Ipitishe kwa Ambokile uone. Ile [^,]+ inataka angalau herufi moja, kwahiyo maelezo matupu yanaruka, safu zinakuwa tatu na bei inahamia kwenye maelezo. Na zile nukuu pacha za Baba Sifa inazikatakata hovyo. Unaweza kuirekebisha ndio, ila ukimaliza kuirekebisha hamna mtu atakayeweza kuisoma, na wewe mwenyewe ukiwemo.

Sasa kwenye kazi halisi, mzee, tumia moduli ya csv. Inakuja na Python yenyewe tangu toleo la 2.3, huhitaji kudownload kitu wala kuunguza bando:

```
import csv

with open('viazi.csv', newline='', encoding='utf-8-sig') as f:
    r = csv.DictReader(f, skipinitialspace=True, strict=True)
    for mstari in r:
        bei = int(mstari['bei'].replace(',', ''))
        print(mstari['mahali'], bei)
```

Kila kitu kilichoandikwa pale kina sababu, watu huwa wanakopi nusu wanaacha nusu.

newline='' inamwambia Python asiguse miisho ya mistari, aachie csv ifanye mwenyewe, kwa sababu kipande kinaweza kuwa na mstari mpya ndani ya nukuu (mtu wa maelezo kabonyeza enter katikati ya seli, wanapenda sana). Hii pia ndo sababu usisome faili lote ukalikata kwa splitlines() kabla ya kuipa csv. Ukifanya hivyo ile enter inapotea na maneno mawili yanagandana. Kama maandishi yameshakuwa kwenye stringi, ipe io.StringIO(maandishi, newline='').

utf-8-sig ni kwa ajili ya Excel. Ukisevu kama CSV UTF-8 Excel inaweka alama isiyoonekana mwanzoni kabisa mwa faili, sasa kichwa chako cha kwanza kinakuwa '\ufeffjina' na sio 'jina', unapata KeyError huku ukikodolea macho neno ambalo unaliona kabisa liko pale.

skipinitialspace ni kwa wale wanaoweka nafasi baada ya koma. Andika Tukuyu, "Ndizi, mkungu" na csv bila hiyo opsheni inaona herufi ya kwanza ya kipande ni nafasi, sio nukuu, kwahiyo nukuu inakuwa herufi ya kawaida na mkungu unakatwa.

Na strict=True ndo ninayoipenda kuliko zote. Kwa kawaida csv ni mpole kupita kiasi: nukuu ikifunguliwa isifungwe, inameza mistari inayofuata kama kipande kimoja, hadi ikutane na nukuu nyingine, au mwisho wa faili, au hadi ifike kikomo chake cha herufi 131072. Faili dogo la kijiji halifiki huko, linaweza kumezwa lote kimyakimya. Ukiweka strict inakugombeza.

Kama faili limekatwa kwa nukta mkato badala ya koma, jambo la kawaida kompyuta ikiwa na mipangilio ya Ulaya, ongeza delimiter=';'. Tabu ni '\t'. Kuna kitu kinaitwa csv.Sniffer kinachokisia chenyewe ila mi sikiamini, fungua faili uangalie kwa macho, ni sekunde tu.

Jambo lingine dogo: csv inakurudishia kila kitu kama maandishi, na hilo ni zuri. Namba za simu zetu zinaanza na sifuri, ukizigeuza int sifuri imekwenda na maji. Geuza bei tu, simu ziache.

Haya, tuje kwa Ng'uruhe na Ng'ang'ange, zote kata za Kilolo kule Iringa, ambazo ndo zimenifanya niandike haya yote. Sisi ile alama ya juu ni sehemu ya herufi, ng'ombe, ng'oa, ng'ambo, na majina ya nyanda za juu yamejaa hizo. Wenzetu walioandika hizi zana kwao ile ni nukuu. Kuna moduli inaitwa shlex, watu wanaipendekeza sana kwa kukata maneno yaliyotenganishwa na nafasi, na kwa amri za taminali iko vizuri kwelikweli. Sasa jaribu:

```
shlex.split("Ng'uruhe 70000")     # ValueError: No closing quotation
shlex.split("Ng'ang'ange 65000")  # ['Ngangange', '65000']
```

Ng'uruhe ina alama moja, shlex inaona nukuu imefunguliwa haikufungwa, inalalamika, vizuri. Ng'ang'ange ina alama mbili, moja inafungua nyingine inafunga, zote zinafutwa na hamna erori yoyote! Umepata kata mpya ambayo haipo kwenye ramani ya Tanzania. Kwahiyo data ya Kiswahili iliyokatwa kwa nafasi usiipitishe shlex, tumia csv.reader na delimiter=' ', yenyewe inajua nukuu ya aina ya " tu usipoiambia vingine. Na usiiambie vingine: ukiweka quotechar="'" afu data iwe 'Ng'ombe', inakurudishia Ngombe' yenye alama kwenye mkia.

Bado haijaisha. Baadhi ya simu na Word zinabadilisha ile alama iliyonyooka kuwa iliyopinda, ’ badala ya '. Kukata hakuathiriki, ila ukijumlisha kwa mahali Ng’uruhe na Ng'uruhe zinakuwa sehemu mbili tofauti. Na nukuu zilizopinda “ ” csv haizitambui kabisa kama nukuu, koma iliyo ndani yake itakata tu. Zinyooshe kabla ya kukata:

```
for mbaya, nzuri in [('\u2019', "'"), ('\u201c', '"'), ('\u201d', '"')]:
    maandishi = maandishi.replace(mbaya, nzuri)
```

Angalizo: kunyoosha “ ” kunafaa pale zinapozungushia kipande kizima. Kama ziko ndani ya kipande ambacho tayari kina nukuu za kawaida, utakuwa umeingiza nukuu isiyo pacha katikati, na strict itakukamata, angalau.

Wa taminali, ile zana ya kukata maandishi, awk -F, ina ugonjwa uleule wa split. Kama una gawk (awk ya GNU) 5.3 kwenda mbele, ya 2023, kuna gawk --csv inayoelewa nukuu. Ya zamani unaweza kucheza na FPAT (rejeksi ya kuieleza kipande kinafananaje) ila kwa enter ndani ya seli itakushinda.

Na kabla ya kumtumia mtu jumla yoyote weka hii ndani ya lupu, juu ya ile laini ya bei. DictReader ikipata vipande vilivyozidi inavitupia kwenye ufunguo None, vikipungua inajaza None kwenye safu husika:

```
if None in mstari or None in mstari.values():
    print('angalia mstari', r.line_num, mstari)
    continue
```

line_num inahesabu mistari ya faili kama unavyoiona kwenye edita, sio idadi ya rekodi, kwahiyo ukiambiwa mstari wa 212 nenda moja kwa moja 212, na kama hapo hauoni kitu panda juu kidogo, huenda rekodi ilianzia mistari miwili mitatu nyuma.