Jinsi ya kumwandaa mbwa wako kwa mbio za hisani za kilomita 5 kwa ajili ya wanyamapori

Mwongozo huu ni wako ikiwa una mbwa mzima mwenye afya na unataka kukimbia naye kilomita 5 huku ukichangisha fedha za uhifadhi. Ninakimbia na mbwa hapa Nairobi na kuwafundisha wengine kufanya hivyo. Tenga wiki 8. Wengi wanaponijia huuliza kwanza kuhusu kasi. Mimi huuliza kwanza kadi ya chanjo.

Hatua ya 1: Chanjo

Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliingia Serengeti na kuua karibu theluthi moja ya simba, takriban 1,000. Huu ni ugonjwa unaojulikana sana kwa mbwa, na watafiti waliofuatilia chanzo chake waliwatazama mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi. Miaka michache kabla ya hapo, kichaa cha mbwa kilikuwa kimewapiga mbwa mwitu wa Serengeti na Mara. Mwaka 2017 distempa iliwafikia mbwa mwitu wa Laikipia, Kenya, na makundi mazima yakateketea.

Sasa fikiria mbwa 50 wamekusanyika uwanjani. Wananusana, wanakunywa kwenye bakuli moja, kisha kila mmoja anarudi kwao, na wengine kwao ni jirani na simba. Mbio za kuwasaidia wanyamapori zikiwa na mbwa wasiochanjwa, zinaweza kuwadhuru wale wale zinaowachangia.

Kwa hiyo mwone daktari wa mifugo mapema, miezi miwili kabla ya siku yenyewe. Omba chanjo ya kichaa na ile ya mseto inayokinga distempa na pavo (virusi vinavyoharisha mbwa vibaya). Mbwa anayechanjwa kichaa kwa mara ya kwanza anahitaji wiki tatu au zaidi ili kinga ijengeke, kwa hiyo sindano ya juzi haimsaidii mtu kesho. Siku hiyo hiyo mwombe daktari asikilize moyo, apime viungo, na akupe dawa ya minyoo na ya kupe. Piga kadi picha, ibaki kwenye simu. Mwandaaji makini ataidai langoni. Asipoidai kwa yeyote, mimi humgeuza mbwa wangu tukarudi nyumbani.

Hatua ya 2: Je, mbwa wako ni wa kukimbia?

Mbwa ambaye mifupa yake bado inakua asikimbizwe masafa. Mbwa wa wastani asubiri mwaka mmoja, na wenye miili mikubwa kama mbwa wa polisi wasubiri hadi miezi 18. Wenye pua fupi na uso bapa waache watembee tu, kwani njia yao ya hewa ni finyu na hawawezi kujipoza vizuri. Mnene kupita kiasi apunguzwe kwanza kwa matembezi.

Wala usidhani unahitaji mbwa wa kizungu wa bei ghali. Wale wetu wa kienyeji, wenye miguu mirefu, manyoya mafupi na mwili mkavu, ndio ninaopenda zaidi kufundisha. Wanastahimili hali yetu ya hewa na wanajua kusoma njia.

Hatua ya 3: Vifaa

Usimkimbize mbwa kwa kola ya shingoni. Akivuta, anajikaba. Mnunulie mkanda wa kifuani unaopita mbele ya kifua na nyuma ya makwapa, ukiacha koo na mabega huru. Uvalishe, kisha ingiza vidole viwili kati ya mkanda na ngozi. Visipoingia, umebana. Vikiingia vinne, utamchubua makwapani kabla hamjamaliza kilomita ya pili.

Wewe unavaa mkanda mpana kiunoni, ulioketi juu ya nyonga na si tumboni. Fundi wa mabegi anaweza kukushonea. Kati yenu kuna kamba ya karibu mita 2 yenye sehemu inayonyumbulika, ili mbwa akiruka usivunjwe mgongo. Za dukani zipo, lakini unaweza kutengeneza yako kwa kipande cha tyubu ya pikipiki, ule mpira ambao watu wa boda hufungia mizigo. Kata ukanda wa nusu mita, ufunge katikati ya kamba, halafu pitisha kamba ya pili ndefu kidogo sambamba nao. Mpira ukikatika, kamba ya pili inamshika mbwa. Usiiache hiyo ya pili.

Hatua ya 4: Maneno manne, kwa miguu ya kutembea

Wiki ya kwanza hamkimbii. Mnatembea dakika 20 hadi 30, mbwa akiwa mbele yako, mkijifunza "twende", "pole", "simama" na "acha". Tumia neno lile lile kila siku, na wote wa nyumbani watumie hilo hilo. Akitii, mpe kipande kidogo cha nyama papo hapo.

"Acha" ndilo neno ninalolitilia mkazo kuliko yote. Msitu wa Karura hapa Nairobi unaruhusu mbwa mradi wafungwe kamba, na ndani yake kuna funo, paa, pongo na tumbili. Paa akichomoka kichakani, mbwa wako ataamka mwili mzima: masikio yatasimama, mkia utakaza, uzito utahamia miguu ya nyuma. Sema neno hapo hapo, kabla hajaruka. Fanya mazoezi nyumbani kwanza kwa mfupa uliouweka chini, kisha kwa kuku wa jirani mkiwa mbali, mkisogea kidogo kidogo. Mbwa asiyejua "acha" bado hajawa tayari kwa mbio hizi hata kama ana kasi ya duma. Na kamba isifunguliwe msituni kwa sababu yoyote. Kwenye hifadhi za taifa, Kenya na Tanzania, mbwa wa nyumbani haingii kabisa, hivyo usifikirie kufanyia mazoezi huko.

Kuna jambo la watu pia. Wengi wetu tumelelewa tukiona kibao cha "mbwa mkali" getini, na hofu yao ni ya kweli. Kuna majirani ambao mate ya mbwa yakiwagusa itawabidi kujitwaharisha kabla ya swala. Ukiona mtu mbele, fupisha kamba, hamia upande wa pili, msalimie. Epuka njia za watoto wa shule saa wanapokwenda.

Hatua ya 5: Kukimbia

Wiki ya pili na ya tatu: kimbieni dakika 1, tembeeni 2, mrudie mara 6 au 7. Siku tatu kwa wiki zinatosha, na kati yake mbwa apumzike. Wiki ya nne na ya tano geuza hesabu: dakika 3 za mbio kwa 1 ya kutembea. Wiki ya sita jaribuni kilomita 3 mfululizo kwa mwendo wa kuweza kuzungumza, ya saba kilomita 4. Wiki ya mwisho punguzeni, mtembee zaidi.

Mbwa ndiye anayeamua kasi. Akibaki nyuma yako, mazoezi ya siku hiyo yamekwisha. Usimvute. Mbwa hujikaza kwa ajili ya mtu wake hata anapoumwa, na ndiyo maana lazima wewe uwe mwenye kumsomea mwili.

Hatua ya 6: Joto

Soma sehemu hii mara mbili. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Ana tezi chache za jasho nyayoni, basi. Anajipoza kwa kuhema, unyevu ukikauka kwenye ulimi na njia ya hewa. Ndiyo maana Mombasa au Tanga, ambako hewa yenyewe imejaa unyevu, mbwa huzidiwa hata kabla jua halijawa kali.

Kimbieni kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi. Kama njia ni ya lami, weka mgongo wa kiganja chini kwa sekunde 7. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake pia hazitavumilia.

Tazama ulimi. Ukitoka nje ukapanuka nchani kama kijiko, na fizi zikawa nyekundu kuliko kawaida, simameni kivulini mara moja. Akiyumba, akitapika, akitoa mate mazito au akikutazama bila kukuona, hicho ni kiharusi cha joto. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39. Likifika 41 anaweza kufa. Mmwagie maji mwili mzima palepale, mpepee, mwache anywe mwenyewe akiweza, kisha mkimbize kwa daktari. Usimfunike taulo lenye maji ukaliacha juu yake, linazuia joto kutoka.

Hatua ya 7: Baada ya mazoezi

Mlaze, kagua nyayo moja moja. Fungua vidole, tafuta mbigili na michubuko, tafuta kupe katikati ya vidole na ndani ya masikio. Maji kidogo kidogo. Chakula kizito apewe saa moja au zaidi baadaye, na kabla ya kukimbia asile kwa saa 3, hasa mwenye kifua kirefu, maana tumbo lililojaa linaweza kujipinda na hilo ni la upasuaji.

Hatua ya 8: Michango

Watu huchanga wanapojua fedha inaenda wapi. Waeleze kuhusu mbwa walio kazini: wanaofuata nyayo za majangili pamoja na askari wa hifadhi za Ol Pejeta na Lewa nchini Kenya, na wale waliofunzwa Usa River karibu na Arusha kunusa pembe za ndovu na za faru viwanja vya ndege na bandarini. Hao wanakula, wanatibiwa, wana walezi wanaolipwa mshahara.

Ila ningekuwa mimi, ningependekeza sehemu ya mchango iende kwenye chanjo za mbwa wa vijiji vilivyo kando ya hifadhi. Shirika la Afya Duniani linalenga kuchanja asilimia 70 ya mbwa ili kichaa kisisambae. Dozi moja inamlinda mtoto wa mfugaji na mbwa mwitu kwa pamoja, na wachangiaji wa mjini wanalielewa hilo haraka.

Omba ahadi kwa kila kilomita, si jumla tu. Fedha ziingie moja kwa moja kwenye namba ya M-Pesa ya shirika lenyewe, zisipitie simu yako. Tuma ujumbe kwa mtu mmoja mmoja kabla ya kuweka kwenye kundi la familia.

Siku ya mbio

Fikeni mapema, mtembee dakika 10, ajisaidie, na uokote kinyesi kwa mfuko. Beba bakuli lake mwenyewe. Simameni nyuma ya umati, kwa kuwa msukumano wa mwanzo ndipo mbwa hugombana na kamba hukwama. Acha wenye haraka watangulie, kisha sema "twende". Mkimaliza, kivuli na maji kwanza, picha baadaye. Ndani ya wiki hiyo watumie wachangiaji risiti ya shirika pamoja na jina la mbwa wako na muda mliotumia.