Apu ya Java yenye databesi: upande wa brauza uweke nini?

Kabla hamjaanza kubishana React au Angular (zana za JavaScript za kujenga skrini ndani ya brauza), kaeni muangalie skrini zenyewe kwanza, manake apu nyingi za Java zenye databesi ni fomu, jedwali, sehemu ya kutafuta na ripoti basi, na kwa kazi hiyo Thymeleaf (inayojaza data kwenye violezo vya HTML) ndani ya Spring Boot (fremuweki ya Java ya kujenga apu za wavuti) inatosha kabisa. Seva inatengeneza HTML, brauza inaonyesha, hakuna projekti ya pili ya kulea. Ukitaka jedwali libadilike bila ukurasa wote kulodi upya unaongeza HTMX (maktaba ndogo ya JavaScript), unaweka sifa yake ya hx-get kwenye kisanduku cha kutafuta na seva inarudisha zile safu za jedwali tu. Mi ningeanzia hapo kila mara.

React, Vue na Angular zina mahali pake: skrini ambayo mtu anashinda nayo kutwa, anaburuta vitu, anagusa namba moja na jumla zote zinabadilika palepale, au kama apu ya simu itatumia API hiyohiyo, yaani njia ileile ya kuomba data kwenye seva. Ila gharama uijue mapema. Kila kitu kipya unakiandika mara mbili, Java kwenye seva na TypeScript (JavaScript yenye aina za data) kwenye brauza, na kukagua data bado lazima kufanyike kwenye seva kwa sababu ukaguzi wa brauza mtu anaukwepa kirahisi sana, alafu ukiwa unatengeneza, Vite (seva ya kutengenezea upande wa brauza) iko poti 5173 na Spring iko poti 8080, brauza inazuia kwa CORS (sheria ya maombi kati ya anwani tofauti) mpaka uweke proksi kwenye Vite au uruhusu kwenye Spring.

Hapa ndo wengi wanaumia: kurudisha entiti ya JPA (klasi ya Java inayowakilisha jedwali la databesi) yenyewe kama JSON (data ya maandishi inayotumwa kwa brauza). Mteja ana orodha ya oda, kila oda ina mteja wake, Jackson (inayogeuza vitu vya Java kuwa JSON) inazunguka mteja, oda, mteja, oda mpaka inadondoka. Tengeneza record ndogo (klasi ya Java ya kubeba data tu) yenye jina, simu na idadi ya oda, rudisha hiyo. Na usidhani Thymeleaf imekuokoa, ukigusa mteja.oda ndani ya th:each (kitanzi cha Thymeleaf) Hibernate (inayosoma databesi kwa niaba ya JPA) inaweza kutuma kwiri (ombi la data) moja kwa kila mteja, databesi inalia.

Pia orodha ndefu ikatwe kurasa kwenye databesi, tumia Pageable ya Spring Data, na kupanga A mpaka Z kufanyike hukohuko, manake ukipanga kwenye brauza unapanga huo ukurasa mmoja ulioletwa tu na mtumiaji anadhani kaona wote.

Vaadin (unaandika skrini kwa Java) ni nzuri kwa timu inayojua Java tupu na mfumo wa ndani wa ofisi, ila hali ya skrini inakaa kwenye seva, kwa hiyo kila aliyelogini anakula memori. Chochote kinachodai plagini ya brauza achana nacho, Flash yenyewe ilifungwa 2020.

Bado una wasiwasi? Chukua skrini ngumu kuliko zote, ijenge kwa Thymeleaf na HTMX ukiwa na data nyingi kama ya kweli. Ikikushinda, weka React kwenye skrini hiyo tu, div moja (kisanduku cha HTML) inaitosha, zingine ziache zilivyo.